Mfereji Umejaa, Boti Imekwama

Julai 2023 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba ruzuku inayoipatia Canal & River Trust, taasisi ya hisani inayotunza takribani kilomita 3,200 za mifereji na mito ya England na Wales, itapungua kuanzia mwaka 2027. Ruzuku iliyopo ni pauni milioni 52.6 kwa mwaka. Mpango mpya unaanzia pauni milioni 50 na kushuka kwa asilimia 5 kila mwaka kwa miaka 10, jumla pauni milioni 401, na taasisi yenyewe imekadiria kwamba ukihesabu kupanda kwa bei pengo litazidi pauni milioni 300. Tangazo hilo halijapoa, ukaja ukame wa 2025. Mfereji wa Leeds na Liverpool ulifungwa kati ya Wigan na Gargrave, wa Macclesfield nao ukafungwa, na picha za boti zilizokalia tope zikaenea. Tangu hapo wabishani wamejipanga pande mbili. Wa kwanza wanasema hili ni suala la starehe, na mlipa kodi hana sababu ya kugharimia matembezi ya wenye boti. Wa pili wanasema hili ni suala la mvua, na mvua haina serikali.

Pande zote mbili zinakosea mahali pamoja. Zinautazama mfereji kutoka ukingoni, na kutoka ukingoni huwezi kuona kinachouua. Mifereji ya England inakufa kwa kupoteza kina, sentimita baada ya sentimita, chini ya maji ambayo yanaonekana yamejaa hadi ukingoni. Chombo kinachohisi upotevu huo mapema kuliko vyote ni boti ya mizigo iliyopakia sawasawa. Bado boti hiyo ndiyo inayochukuliwa kuwa kero: nzito, nene, inayokwama, inayochelewesha wengine, masalia ya zama zilizopita. Nadhani tumegeuza mambo juu chini. Boti yenye shehena ndiyo inayofaa kuwa kipimo cha mfereji, na mjadala wa fedha za 2027 usipolitambua hilo, tutalipia mifereji inayopendeza kwenye picha na isiyopitika.

Tuanze na boti yenyewe. Boti nyembamba ya Kiingereza ina urefu wa mita 21 na ushei, na upana wa mita 2.1 tu, kwa sababu mhandisi James Brindley na wenzake wa karne ya 18 walijenga malango ya maji, yaani vile vyumba vyenye milango mbele na nyuma vinavyopandisha na kushusha boti, kwa kipimo hicho katika mifereji mingi ya katikati ya England. Boti moja hubeba tani 25 hivi. Zikienda mbili, yenye injini ikiivuta isiyo na injini, hubeba tani 50. Ikiwa tupu, boti hii huelea juu mno na upepo huichezea. Ikiwa imejaa, huzama kati ya sentimita 90 na mita 1.1. Boti ya kisasa ya kutembelea, ya upana uleule, huzama sentimita 55 hadi 75. Tofauti hiyo ya viganja viwili ndiyo kiini cha makala hii.

Biashara ya kusafirisha mizigo kwa boti hizi ilipata mapigo mfululizo. Mifereji ilitaifishwa Januari 1948. Majira ya baridi ya 1962 hadi 1963 yaligandisha maji kwa wiki nyingi, wateja wakahamia barabarani na hawakurudi, na mwaka huo wa 1963 shirika la umma likaondoa karibu boti zake zote nyembamba za mizigo. Safari za makaa ya mawe kutoka Atherstone hadi kiwanda cha jamu cha Southall, magharibi mwa London, zilikoma 1970. Hata hivyo boti zilizopakia hazijaisha. Ziko boti za mafuta, nyingi zikiwa na mabodi, yaani miili ya boti, ya chuma yaliyoundwa miaka ya 1930, zinazopita mwaka mzima zikiuza makaa, dizeli, kuni na mitungi ya gesi kwa watu wanaoishi majini. Watu hao hawana bomba la gesi wala waya wa umeme wa mtaa. Boti ya mafuta isipofika mwezi Januari, wanalala na baridi. Anayeziita boti hizi sehemu ya starehe hajawahi kusubiri mfuko wa makaa.

Sasa, kwa nini kina kidogo kinasumbua hivyo, hata pale ambapo maji bado ni mengi kuliko boti inavyozama? Hapa ndipo wengi hupotea, maana hudhani kwamba boti inayozama mita 1 kwenye maji ya mita 1.1 inaelea na mambo yamekwisha. Boti inapokwenda huyasukuma maji yaliyo mbele yake, na ndani ya mfereji maji hayo hayana pa kwenda ila kurudi nyuma kwa kupita ubavuni na chini ya boti. Nafasi ikiwa finyu, hupita kwa kasi. Yakipita kwa kasi, usawa wa maji pembeni mwa boti hushuka, na boti hushuka pamoja nao, shetri ikitangulia. Tuchukue mfano rahisi. Mfereji wenye upana wa mita 8 na kina cha mita 1.4 una eneo la maji la mita za mraba 11 na kidogo. Boti iliyojaa hujaza mita za mraba 2.1, chini ya sehemu moja ya tano. Mfereji huohuo ukijaa tope, ukabaki na njia ya mita 6 yenye kina cha mita 1.1, eneo linakuwa mita za mraba 6.6, na boti ileile sasa inajaza karibu theluthi. Nafasi ya maji kurudi nyuma imepungua nusu. Boti haijabadilika hata kidogo, ila sasa inasukuma maji kama pistoni ndani ya silinda.

Jambo hili si geni kwa sayansi. Mwaka 1834 mhandisi John Scott Russell alikuwa akichunguza mwendo wa boti kwenye mfereji wa Union, nje kidogo ya Edinburgh huko Scotland. Boti iliyokuwa ikivutwa na farasi ilisimama ghafla, na rundo la maji lililokuwa limejikusanya mbele yake likaendelea na safari peke yake, wimbi moja lililosimama vizuri, naye akalifuata akiwa juu ya farasi zaidi ya kilomita moja kabla ya kulipoteza. Wimbi lile lilizaa tawi zima la fizikia. Kwa nahodha wa boti yenye shehena linafundisha jambo la karibu zaidi: mfereji una kasi yake ya mwisho inayoamuliwa na kina, na kuongeza moto wa injini hakuisogezi mipaka hiyo. Rafadha huyanyonya maji yaliyo chini ya shetri, shetri inakaa sakafuni, wimbi la nyuma linavunjika na kula kingo, na boti inakwenda polepole zaidi kuliko mwanzo huku ikichoma mafuta maradufu.

Ndiyo maana ufundi wa kuendesha boti nzito kwenye maji haba ni ufundi wa kupunguza. Niliwahi kusimama shetrini mwa boti iliyopakia makaa, na kilichonishangaza ni jinsi mwenye boti alivyokuwa akirudisha nyuma mkono wa moto, ule wa kuongeza na kupunguza nguvu ya injini, kila alipoona daraja. Chini ya daraja mfereji hubanwa hadi upana wa boti moja na nafasi kidogo, na hapo ndipo baiskeli, matofali na vigari vya dukani huangukia. Ukiingia kwa kasi, boti inazama palepale ambapo sakafu imeinuka. Ukipunguza mapema, boti inanyanyuka kidogo na kuteleza. Kwenye kona unashika upande wa nje, ambako maji yamechimba njia, isipokuwa pale matawi ya miti yasiyokatwa yanapokufukuza kukupeleka upande wa ndani wenye fungu la tope. Mkikutana na boti nyingine hukimbilii pembeni mapema, kwa sababu pembeni ndiko utakakopwelewa. Unabaki katikati hadi pua za boti zikaribiane, ndipo kila mmoja anapojitenga kwa kiasi cha kupishana tu, kisha maji yanayorudi nyuma yanawarudisha wote katikati. Mwenye boti nyepesi asiyejua hili huona kiburi. Yule mzito amebaki katikati kwa sababu hana mahali pengine pa kuelea.

Hata upakiaji una hesabu yake. Boti ya upana wa mita 2.1 ikilala upande kwa digrii 3 tu, kwa sababu mifuko imepangwa vibaya, ubavu mmoja unazama sentimita 5 zaidi, na sentimita 5 ni tofauti ya kupita na kukwama. Ikikwama, kazi ni ileile ya tangu zamani: kurudi nyuma kwa moto mdogo, kusukuma shetri kwa upondo ili ielekee kwenye kina, kuhamisha mzigo au watu upande mmoja, kuomba kamba kutoka kwa boti inayotoka mbele. Zamani waliweza kumwomba mlinzi wa lango la juu afungulie maji kidogo ili maji ya kipande kile yanyanyuke. Siku hizi maji ni ya kuhesabu, na mlinzi wa lango mara nyingi hayupo. Zaidi ya yote, sehemu zilizopanuliwa kwa ajili ya kugeuzia boti ndefu ndizo zinazojaa tope mapema, kwa kuwa hazipitwi kila siku. Sehemu moja ikijaa, boti ya mita 21 haiwezi kugeuka, na italazimika kwenda mbali, pengine siku nzima, kutafuta nyingine.

Hesabu inayonigusa zaidi ni ya mzigo. Boti ya ukubwa huu huzama takribani sentimita 2.5 kwa kila tani inayopakiwa. Mfereji ukipoteza sentimita 15 za kina, mwenye boti aliyekuwa akipakia tani 25 anabaki na tani 19. Gharama zake nyingine, yaani leseni, bima, dizeli, ukarabati wa bodi, muda wake, zimebaki palepale. Karibu robo ya mapato imetoweka bila mtu kumnyang'anya chochote, bila tangazo, bila mkutano. Wajerumani wanalielewa hili vizuri kwenye mto Rhine, ambako kipimo cha maji cha Kaub kiliposhuka chini ya sentimita 40 Agosti 2022 habari zilizagaa duniani kote, kwa sababu matishari yalikuwa yakipita na sehemu ndogo tu ya shehena yake na viwanda vilikuwa vikihesabu hasara. Kwenye Rhine kila sentimita ina mtu anayeitazama. Kwenye mifereji myembamba ya England sentimita 15 zinaweza kupotea katika miaka 20 na zisisomwe na mtu yeyote, isipokuwa yule aliyezisikia zikikwaruza chini ya bodi lake.

Zinapotelea wapi? Mito midogo inayolisha mifereji huleta udongo wa mashambani. Majani ya miti huanguka kila msimu wa vuli na kuoza sakafuni. Kingo zisizo na kuta huliwa na mawimbi ya boti zinazokwenda mbio. Takataka za mijini huzama na kukusanya tope. Hayo yote yalikuwapo hata zamani, lakini zamani kila kipande cha kilomita chache kilikuwa na mtu wake, anayekijua kwa jina la kila mti, mwenye kazi ya kufyeka, kuziba vitobo na kuripoti fungu jipya. Watu hao waliondolewa hatua kwa hatua ili kubana matumizi. Pia trafiki yenyewe ilikuwa ikisaidia: boti nzito zinazopita mfululizo hulitikisa tope na kulizuia lisitulie katikati ya njia. Mfereji ukibaki na boti nyepesi tu, njia ya katikati inajaa kimyakimya, na kwa kuwa boti nyepesi hazigusi, hakuna anayelalamika. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu.

Sheria imeusaidia upofu huu. Sheria ya Usafirishaji ya 1968 iliigawa mifereji ya umma katika makundi: ya kibiashara, ya matembezi, na iliyobaki. Ya kibiashara, kama Aire na Calder huko kaskazini, inapaswa kutunzwa ifae vyombo vya mizigo. Ya matembezi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mtandao mwembamba, inapaswa kutunzwa ifae vyombo vya abiria vyenye injini, na kipimo chake ni ukubwa wa vyombo vilivyokuwa vikiitumia kwa kawaida katika miezi 9 iliyoishia tarehe 8 Desemba 1967. Fikiria maana yake. Makaa yalikuwa bado yakipelekwa Southall mwaka huo, lakini kwa kuwa njia iliandikwa kuwa ya matembezi, boti iliyoyabeba haikuhesabika. Sheria ilichagua kutazama chombo chepesi, kisha ikaugandisha uchaguzi huo.

Kabla ya sheria hiyo palikuwa na haki ya kupita, na haki ile ilifanya kazi ambayo hakuna ripoti inayoweza kuifanya. Mei 1947, Tom Rolt, mmoja wa waanzilishi wa Inland Waterways Association, chama cha kutetea mifereji, alitoa taarifa kwamba atapita na boti yake, Cressy, kwenye mfereji wa Stratford karibu na King's Norton, ambako daraja la chuma lilikuwa limelala chini mno. Kampuni ya reli iliyomiliki mfereji ililazimika kulinyanyua daraja kwa jeki ili boti ipite. Boti moja iliyodai kupita ilifichua uzembe wa miaka mingi kwa asubuhi moja. Haki hizo za zamani ziliondolewa 1968 kwenye mifereji mingi ya umma. Leo mwenye boti nzito anayekwama hana cha kudai. Anaambiwa, kwa adabu, kwamba boti yake imezama sana.

Wanaopinga hoja yangu wana mambo ya kusema, na baadhi yana uzito. La kwanza ni uchumi. Lori moja lenye uzito wa tani 44 pamoja na mzigo linabeba zaidi ya boti nyembamba, linakwenda zaidi ya mara 10 ya kasi yake, na linafika mlangoni kwa mteja. Hilo ni kweli, na sioni siku ambayo unga na saruji vitarudi kwenye mifereji ya mita 2.1. Yeyote anayetetea kina kwa kuahidi kurudi kwa biashara kubwa ya mizigo anajiwekea mtego, kama ilivyotokea miaka ya 1930, pale malango 51 kati ya Braunston na Birmingham yalipojengwa upya kwa upana mkubwa kwa ajili ya matishari mapana, ilhali njia yenyewe haikupanuliwa na kuchimbwa kwa kiwango hichohicho, na matishari hayo hayakuja kamwe kuwa jambo la kawaida.

La pili ni usalama, na hili ndilo zito kuliko yote. Agosti 2019 mkondo wa kumwagia maji wa bwawa la Toddbrook ulibomoka baada ya mvua kubwa, na zaidi ya watu 1,500 wa Whaley Bridge wakahamishwa. Desemba 2020 ukingo wa Aire na Calder ulipasuka karibu na East Cowick. Januari 1, 2025 tuta la mfereji wa Bridgewater, ambao ni mali ya kampuni binafsi, lilimomonyoka Little Bollington. Taasisi yenye mabwawa ya zaidi ya miaka 200 juu ya miji ya watu haiwezi kuwaambia majirani kwamba fedha zimekwenda kwenye tope. Nakubali, na ningekuwa mimi mwenye kushika kalamu ningeanza na mabwawa. Lakini hoja hii inahusu mpangilio wa zamu. Haisemi kwamba zamu ya kina isifike. Taasisi inayotumia kila senti kuzuia maafa hufika mahali ambapo inalinda mabwawa yanayolisha mifereji ambayo boti haiwezi kupita.

La tatu ni ugumu wa kazi yenyewe. Tope la mifereji ya viwandani limebeba metali nzito na mafuta ya karne mbili. Haliwezi kumwagwa shambani, linapelekwa kwenye majalala maalumu kwa gharama kubwa. Na ukichimba bila uangalifu unatoboa sakafu ya udongo wa mfinyanzi uliokandwa, ule ambao Brindley aliutumia kuzuia maji yasivuje, na badala ya kina unapata mfereji mkavu. Ni kweli, na ndiyo sababu siombi mfereji mzima uchimbwe.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: kwamba wenye boti nzito wapunguze mzigo, maana wengine wote wanapita. Kwa maneno mengine, kina kikipotea, atakayelalamika aondoke. Ukikubali hoja hiyo mara moja huna pa kusimama tena. Leo anaondoka anayezama mita 1. Kesho tope litamfikia anayezama sentimita 75, naye ataambiwa anunue boti nyepesi zaidi. Keshokutwa ni wa sentimita 55, yule mwenye familia ya likizo, ambaye leo ndiye anayesemwa kuwa mtumiaji halisi wa mfereji. Hakuna mahali ambapo tope husimama lenyewe kwa heshima ya mtalii. Boti nzito inatoa taarifa miaka mingi kabla ya wengine kufikiwa, na taarifa ya mapema ndiyo ya bei nafuu, kwa sababu fungu moja chini ya daraja huondolewa kwa mashine moja na tishari moja la kubebea tope, ilhali kilomita 10 zilizojaa ni mradi wa kuombea fedha kwa miaka.

Na hili linaturudisha kwenye ukame, ambao umetumiwa kama kisingizio cha kila kitu. Mvua ilikosekana kweli mwaka 2025. Lakini mfereji ni ghala la maji pia, na ukubwa wa ghala hilo unategemea ni kiasi gani unaweza kuteremsha usawa wa maji kabla boti hazijagusa chini. Chukua kipande cha kilomita 2 kati ya malango mawili, chenye upana wa mita 10. Tope likinyanyua sakafu kwa sentimita 30, umepoteza akiba ya lita milioni 6, kwa kuwa zile sentimita 30 ulizokuwa ukiweza kuzitumia wakati wa kiangazi sasa lazima zibaki ili boti zielee. Lango jembamba hutumia takribani lita 120,000 kila linapojazwa. Lita milioni 6 ni mijazo 50, katika kipande kimoja tu. Zidisha kwa mtandao mzima na utaona kwamba sehemu ya uhaba tunaoilaumia mbingu imelala sakafuni. Mtu anayesema tusichimbe kwa sababu hatuna maji anaisoma hesabu kinyume.

Lipo pia lalamiko kwamba boti nzito huharibu kingo na kung'oa boti zilizofungwa pembeni. Boti iliyojaa husogeza maji mengi, na ikipita karibu na boti zilizofungwa kwa kamba legevu zitacheza, hata kwa mwendo wa mtu anayetembea. Lakini kinachokula kingo ni wimbi linalovunjika, na wimbi huja na kasi. Boti nyepesi inayokwenda mbio inaweza kufanya uharibifu ambao boti nzito, iliyolazimishwa na kina kwenda polepole, haitaufanya. Na ule mvuto unaozisumbua boti zilizofungwa huongezeka kadiri mfereji unavyokuwa mfinyu na haba, kwa fizikia ileile niliyoieleza. Anayetaka boti yake itulie ukingoni ana sababu ya kudai njia ya katikati ichimbwe.

Je, fedha zinazopungua zinaweza kufanya nini? Mengi, kama lengo litabadilika. Sehemu zinazokwamisha zinajulikana kwa aina: chini ya madaraja, midomo ya malango, upande wa ndani wa kona, sehemu za kugeuzia, na mahali mito midogo inapoingilia. Hizo ni sehemu ndogo ya urefu wa mfereji. Zikichimbwa hizo kwanza, na matawi yakikatwa kwenye kona, boti inayozama mita 1 itapita maelfu ya mita ambazo katikati yake bado zina kina cha kutosha. Kinachokosekana ni ahadi iliyoandikwa: kwamba kwenye njia kuu zilizotajwa, kama Grand Union na Shropshire Union, boti iliyopakia hadi kuzama mita 1 itapita bila kukwama, kipande kwa kipande, na matokeo yatatangazwa kila mwaka. Ruzuku inayoanza 2027 inatolewa kwa masharti, na sharti la kina linaweza kuandikwa humo bila kusubiri Bunge liirekebishe sheria ya 1968.

Upimaji wake haudai meli za utafiti. Boti za mafuta tayari zinapita njia hizohizo tena na tena, majira yote, zikiwa zimejaa zinapokwenda na zimepungua zinaporudi. Zifungiwe kipima kina cha mwangwi na kifaa cha kurekodi mahali, na wenye boti walipwe kwa takwimu wanazoleta. Ndani ya mwaka mmoja taasisi itakuwa na ramani ya sakafu ya mfereji, inayoonyesha ni daraja gani linajaa na kwa kasi gani, na wenye boti watakuwa na kipato kidogo cha kufidia zile tani 6 walizopokonywa na tope. Ukame ujao ukifika, itawezekana kusema kwa hesabu ni sehemu gani ya tatizo ilitoka mawinguni na ni sehemu gani iliachwa hapo kwa miaka 20. Mabishano ya ruzuku ya baada ya 2037 yataanza mapema kuliko tunavyodhani, na watakaoyaendesha watahitaji kitu kilichopimwa.